Tiba kwa vitendo baada ya kiharusi: uzoefu wangu hapa Ujiji

Vikao 12, viwili kwa wiki, kwa mgonjwa wa nyumbani aliyelegea upande wa kulia. Natoa nyota nne kati ya tano.

Watu wanaichanganya na fiziotherapia. Fiziotherapia inahangaika zaidi na misuli na kutembea. Huyu wa vitendo anauliza ukiamka asubuhi unakwama wapi. Kwetu ilikuwa kuvaa, kula na choo.

Kuvaa kulitengemaa mapema. Mgonjwa akae kwenye kiti kisichoyumba, nyayo zote mbili chini. Mkono uliolegea unaingia kwanza, nguo ivutwe ipite kiwiko mpaka begani, kisha kichwa, mwisho mkono mzima. Kuvua ni kinyume chake. Ukikosea mpangilio nguo inakaza, msaidizi anaanza kuvuta ule mkono, na bega ambalo misuli yake haishiki linashuka kutoka mahali pake. Kwa sababu hiyohiyo, msimwinue kwa kumvuta mkono wala kumbeba kwapani. Na mwacheni avae mwenyewe hata ikichukua dakika 20! Mabinti wa nyumba ndio waharibifu wakubwa hapa, kwa huruma tu.

Kula kuna jambo watu wanaliona aibu kulisema. Mkono wa kulia ukilala, wa kushoto unabaki na kazi zote mbili, kula na kuchamba. Kwa mzee wa Ujiji hilo linauma kuliko ugonjwa. Mtaalamu hakulipuuza. Alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akauzungushia kwenye mpini wa kijiko mpaka ukawa mnene kama sentimita 3, kwa kuwa vidole dhaifu havifungi kwenye kitu chembamba. Kitambaa kibichi chini ya sahani isiteleze. Mkono wa kulia unashika kijiko, wa kushoto unausaidia kwenye kifundo tu. Tonge la ugali wa muhogo liliachwa hadi mwisho: unanata, na kulikata kunataka nguvu ya vidole. Kabla yake ni kufinyanga donge la unga uliokandwa, kisha kufungua vidole polepole. Mpira wa kuminya aliukataa, vidole vilikuwa tayari vinajikunja.

Choo ndicho kilichokula hela. Choo cha kuchuchumaa kinahitaji kigoda chenye tundu. Pima kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni, mgonjwa akiwa amekaa; kwetu ilitoka sentimita 43. Seremala alikitengeneza miguu ikiwa imebanana, kikapinduka pale mtu anapoegemea upande ili anawe. Cha pili miguu ilitanuliwa kwa nje. Nguzo ya kushikilia inakuwa upande wa mkono mzima, na kama ukuta ni wa tofali za udongo usiipigilie misumari, itang'oka siku ya kwanza. Chimbia chini.

Nyota niliyobakisha: vikao nane vya mwanzo vilifanyika klinikini, kwenye choo cha kukaa na bomba, vitu ambavyo nyumbani havipo. Alipokuja nyumbani kikao cha tisa, nusu ya mazoezi yalibadilika. Najua wataalamu hawa ni wachache na mkoa ni mkubwa. Mnapojiandikisha ombeni ziara ya nyumbani iwe wiki ya kwanza, na ikishindikana pigeni picha ya choo, kitanda na jiko, mkaende nazo pamoja na kata ya kuchotea maji na kijiko chake mwenyewe.