Uzoefu wangu: Fundi wa Kizota aliyelilegeza gari langu likaanza kushika udongo

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Mwaka jana niliipeleka Toyota Mark II yangu, GX110, gereji moja (siyo hii ninayoizungumzia leo), nikaagiza ikazwe: springi fupi, shokapu ngumu, gari lilale chini. Kwenye lami lilikuwa tamu kweli. Tatizo ni kwamba mimi na wenzangu hatukimbizi lami. Jumapili tunakutana kwenye shamba la mjomba wa rafiki yangu upande wa Hombolo, hapa Dodoma, tumechonga duara la udongo mwekundu, tunapokezana mmoja mmoja huku mwenzako akikupimia muda kwa simu. Jirani ana mizabibu, kwa hiyo kila wiki tunampelekea soda na samahani kwa ajili ya vumbi.

Asubuhi, boza likishamwaga maji, udongo unashika vizuri na kila mtu anajiona bingwa. Kasheshe inaanza saa nane mchana. Matairi yameshaushindilia udongo, jua na upepo wa Dodoma vimeukausha, njia inang'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Hapo gari langu linakuwa na vituko viwili: nikiingia kona pua inagoma, linanyoosha kwenda kwenye miiba, nikikanyaga mafuta ili nitoke, mkia unachomoka bila taarifa. Nilizunguka kama pia mara nne kwa siku moja. Vigari vilivyochoka kuliko langu vikawa vinanishinda muda.

Rafiki akanielekeza kwa huyu fundi wa Kizota. Kilichonivutia ni kwamba alikataa kushika spana kabla ya kuona uwanja. Tukaenda naye. Akavua kandambili moja, akaiburuza soli yake juu ya njia, ikateleza kama juu ya kioo. Akaangalia springi zangu, akacheka. "Bosi wangu, gari umelifunga mikono na miguu, halafu unalidai licheze."

Maelezo yake nilivyoyaelewa: udongo ukishang'aa, tairi halina cha kung'ata. Kinachoweza kulisaidia ni uzito wa gari kulikandamiza chini, na uzito huo lazima uruhusiwe kuhama. Ukikanyaga mafuta, pua iinuke kidogo na gari likalie matairi ya nyuma, maana ndiyo yanayosukuma. Likiwa gumu, uzito unahama kwa mshtuko na matairi yanarukaruka kwenye kila kijitundu.

Alianza na kitu kisichogharimu hata senti: upepo wa matairi. Nilikuwa naweka PSI 32 kote. Akashusha nyuma hadi 24 na mbele 26, kisha akachukua chaki na kuchora mistari kutoka kwenye kashata za tairi hadi ubavuni. Nikapiga mizunguko mitatu. Akainama, akaonyesha kwa kidole chaki ilipofutikia: chini kidogo ya bega la tairi, basi. Akajaribu 20 ili nione mwenyewe. Chaki ikafutika hadi karibu na rimu, tairi lilikuwa linajikunja kwenye kona. Akarudisha 24. Hilo la chaki peke yake kwangu lilitosha kulipia mafuta ya safari.

Gereji alirudisha springi za kampuni nilizokuwa nimezitupa stoo, akafungua stabilaiza ya nyuma (kile chuma kinachozuia gari lisilale upande kwenye kona), akafunga mbele shokapu za mtumba zinazorekebishika, akazilegeza zinapotanuka ili pua iinuke haraka. Betri na tairi la akiba vikahamia buti. Matairi ya nyuma akayafanya yaangalie ndani kidogo sana, ili mkia usiwe na papara. Na hakubadilisha vitu vyote kwa mkupuo. Kila kimoja tulikijaribu kwanza, vinginevyo usingejua kipi kimesaidia.

Nilimuuliza kuhusu video za Eldora kule Ohio, Marekani, uwanja wa udongo wa nusu maili uliopo tangu 1954. Kule wanakata kushoto tu, ndiyo maana tairi la nyuma kulia linakuwa kubwa kuliko la kushoto. Kwa nini na mimi nisifanye hivyo? "Wewe baadaye utarudi nyumbani Nzuguni na gari hilohilo," akanijibu. Nikanyamaza.

Matokeo: saa nane mchana sasa gari linakata kona. Mkia bado unatoka, lakini unaaga kwanza, napata muda wa kuurudisha. Ila sehemu ya sifa ni ya viatu. Alinivua buti akanivalisha raba zake zenye soli nyembamba, akaniambia mguu wangu ni mzito kama wa mtu anayekanyaga matofali. Niingie taratibu, nikanyage mafuta mapema lakini kidogokidogo. Inauma kuambiwa, ila saa ya simu ilimuunga mkono.

Malalamiko ninayo. Aliahidi siku moja, zikawa tatu, na simu alikuwa hapokei. Kubwa zaidi, hakuniambia gari litakuwaje barabarani. Narudi jioni kupitia Ihumwa, basi likanipita, gari likayumba kama mtumbwi, nami upepo wa matairi ulikuwa bado 24. Nilisimama pembeni miguu ikitetemeka. Siku hizi sitoki shambani kabla ya kufunga stabilaiza, kazi ya dakika ishirini na jeki, na kujaza upepo kwa pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara. Fundi alipaswa kuniambia hayo kabla sijamlipa laki moja na nusu yake ya ufundi.

Nampa nyota nne kati ya tano. Mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili nitarudi kwake kwa ajili ya tope. Ameshasema hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine, na bei yenyewe hajaitaja.