Kishikwambi cha kutazamia vipindi nyumbani: anza na spika

Kioo cha televisheni yetu kilipasuka Agosti 2023, mtoto alipokipiga na mpira. Fundi wa mtaa wa Majengo, hapa Moshi, aliitazama, akasema kioo peke yake kinakaribia bei ya televisheni mpya. Hatukununua nyingine. King'amuzi kikarudi kwenye boksi lake, na tangu siku hiyo nyumba yetu ya mtaa wa Pasua inaishi kwa intaneti. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku tunaifuata mubashara YouTube, mpira tunalipia kwenye programu ya simu, tamthilia watoto wanazipakua pale penye waifai na kuziangalia jioni. Sijutii. Ninachojutia ni kishikwambi cha kwanza nilichonunua.

Kilikuwa na picha safi, Sh 185,000, duka moja hapa mjini Moshi. Miezi yote ya kiangazi hatukuona tatizo. Ikaja masika. Tunaokaa chini ya Kilimanjaro tunajua mvua ya Aprili inavyopiga bati, unaongea na mtu aliye ubavuni mwako na hakusikii. Mama mkwe wangu alikuwa ameshuka kutoka Marangu kuja kliniki ya macho, na kitu kimoja tu anachokitaka kwa siku ni taarifa ya habari. Tukapandisha sauti mpaka mwisho, hakusikia. Akakichukua akakibandika sikioni kama simu, akafumba macho, akasikiliza habari nzima hivyo, mkono unatetemeka kwa uzito. Binti yangu akaleta sufuria ya ugali tukakisimamisha ndani yake ili sauti ijirudi. Ilisaidia kidogo, ila nusu ya picha ikazama.

Nilipokigeuza nikaona. Spika moja tu, mgongoni, kwenye kona ya chini, inaitazama meza.

Kwa hiyo leo kamera, rangi na ukubwa wa kumbukumbu naviacha, maana hivyo muuzaji atakutajia kabla hujauliza. Nataka ukifika dukani ukilaze kishikwambi upande, kama utakavyotazamia nyumbani, uhesabu matundu ya spika. Yawepo kushoto na kulia. Kisha weka kipindi cha watu wanaozungumza. Usikubali kuwekewa muziki, kwani muziki huficha udhaifu wa spika, na maneno ndiyo yanayopotea mvua ikinyesha. Pandisha sauti mpaka mwisho usikilize kama inakwaruza. Shika kwa mikono miwili, ziba upande mmoja kwa kiganja. Sauti ikikatika yote, rudisha.

Na hili la spika lina hesabu yake. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya juu, ile ya HD, inakula hadi GB 3 kwa saa, ya kati kama GB 0.7, ya chini kama GB 0.3. Sisi wa kununua bando tunashusha picha, wengi tunaishia ya kati au ya chini. Mzigo mkubwa wa bando ni picha, sauti ni kipande kidogo tu. Ina maana kioo kile cha gharama ulichokilipia hukitumii hata nusu, lakini spika unaitumia yote, kila usiku.

Ninachokipendekeza cha kwanza ni Samsung Galaxy Tab A9+, na sifichi kwamba Samsung naipenda. Kilitoka Oktoba 2023, kina kioo cha inchi 11 na spika nne, mbili kila upande ukikilaza. Nyumbani kwetu ndicho kilichopo sasa. Mvua ya kawaida tunasikia kila neno tukiwa wanne mkekani. Mvua ile kubwa kabisa bado tunasogea, lakini hakuna anayekibandika sikioni. Kina tundu la earphone pia, na kava yake niliipata Moshi siku hiyo hiyo. Angalia alama ya kujumlisha. Tab A9 bila hiyo alama ni kingine kabisa, inchi 8.7, spika mbili, na nimeshaona kikitajwa kwa jina la kaka yake.

Cha pili ni Redmi Pad SE ya Xiaomi. Nacho ni inchi 11, spika nne, tundu la earphone, na betri ya mAh 8000 inayozidi ile 7040 ya Samsung. Kwa karatasi ni sawa au zaidi. Nimekishusha kwa sababu kava na kioo chake nimevitafuta Moshi bila kuvipata, na mwenye watoto anajua kioo kitahitajika. Lenovo Tab M10 Plus, kizazi cha 3, kina spika nne pia na kinafuata nyuma yao.

Wanaopenda iPad wasikie hili kabla ya kutoa fedha. Ile ya kizazi cha 9, ya mwaka 2021, ambayo nimeiona sana kwa wauza mitumba, ina spika mbili zote kwenye ukingo mmoja, ule wa kitufe cha duara. Ukiilaza, sauti yote inatokea upande mmoja, na ukiishika hapo umeiziba. Kizazi cha 10 cha 2022 walirekebisha wakaweka pande mbili, lakini wakaondoa tundu la earphone.

Laptop ya mtumba ni chaguo zuri kwa mwanafunzi. HP EliteBook 840 G5 spika zake ziko juu ya kibodi, zinakutazama usoni. ThinkPad T480 nzuri kwa kazi, ila spika ziko chini ya tumbo. Ukiiweka kitandani godoro linameza sauti.

Vile vya chini ya Sh 200,000 viacheni. Projekta ndogo pia, feni yake inashindana na maneno hata jua likiwa linawaka.

Ukiwa tayari umeshanunua kibaya kama mimi, nunua spika ndogo ya pembeni, lakini iunge kwa waya. Bluetooth mara nyingine huchelewesha sauti, mdomo unafunga ndipo neno linafika.

Sasa niseme la wauzaji, maana limenikaa. Mnaandika kwenye boksi kumbukumbu ya GB 16 na TB 1 kwa kitu cha laki mbili, na mteja akiomba kukiwasha mnamwambia ukifungua umenunua. Bei haijabandikwa popote; inatoka baada ya mtu kutazamwa viatu. Halafu linakuja swali la "dada, unataka na risiti au bila risiti?", kana kwamba risiti ni kitu cha kuongezewa bei. Mama yule aliyeuza debe la kahawa apate hela ya kishikwambi cha wajukuu anapewa garantii ya siku saba kwenye kipande cha karatasi, na mvua inakuja miezi kadhaa baada ya kununua. Kwa vyenye laini, bonyezeni *#06# mpate namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa kifaa, muitume kwenda 15090 kabla ya kulipa mjue kama ni halisi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walishazima simu bandia Juni 2016, kwa hiyo wanunuzi tumeshaonywa.

Tab A9+ Moshi nilitajiwa Sh 780,000 na maduka mawili. Arusha, karibu na Mnara wa Saa, kijana mmoja alisema 620,000, na nauli ya Coaster kwenda na kurudi haikufika 10,000. Nilimwomba kukijaribu. Akatoa cha kuonyeshea, akaniwekea taarifa ya habari, tukakipeleka mlangoni bajaji na bodaboda zinapita, nikarudi nyuma hatua nne nikiwa nimefumba macho. Nilisikia jina la mkoa, jina la waziri, na kiasi cha fedha alichotaja. Nikalipa, akatoa risiti ya mashine bila kuulizwa, nikawahi gari la saa kumi.