Ahmedabad 1918 na Bombay 1982: migomo miwili ya viwanda vya nguo

Ahmedabad, mji wa viwanda vya nguo nchini India, bonasi ya tauni (malipo ya ziada ya kuwazuia wafanyakazi wasikimbie ugonjwa huo) ilipoondolewa, wafanyakazi walidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 50. Matajiri wakang'ang'ania 20. Gandhi akawashawishi washuke hadi 35. Walikutana kila siku chini ya mgunga, kando ya mto Sabarmati. Upande wa wafanyakazi alisimama Anasuya Sarabhai, na aliyeongoza wenye viwanda ni Ambalal, mdogo wake wa damu! Njaa ilipoanza kuwalegeza wagomaji, Gandhi akaacha kula. Siku ya tatu wakapatana, na baadaye mwamuzi akatoa ile ile 35.

Bombay (leo Mumbai) hakukuwa na undugu wa kutegemea. Tarehe 18 Januari 1982, wafanyakazi wapatao 250,000 walizima mashine wakimfuata Datta Samant, daktari aliyegeuka kiongozi wa wafanyakazi. Tatizo ni kwamba sheria ya 1946 ilitambua chama kimoja tu cha kuwasemea, RMMS (Rashtriya Mill Mazdoor Sangh), nacho hawakukitaka tena. Samant alikuwa na umati, ila hakuwa na kiti mezani. Miezi ikapita, wengi wakarudi vijijini Konkan, ukanda wa pwani ya magharibi. Mgomo haukuwahi kufutwa rasmi.

Wengi humlaumu Samant kwa ubishi. Mimi naona alikuta soko limeshageuka: nguo zilikuwa zikifumwa kwa bei rahisi kwenye karakana za Bhiwandi, mji ulio karibu na Bombay, kwa hiyo mwenye kiwanda aliweza kusubiri. Gandhi alipata matajiri wenye haraka. Viwanja vilivyokuwa na viwanda hivyo vya Bombay leo vina maduka ya kifahari. Samant aliuawa kwa risasi Januari 1997.