Mawe ya lava au ufuko wa Kivu?

Nguo sita, mwanamitindo mmoja, asubuhi moja Goma. Hadithi yenyewe: binti anarudi nyumbani baada ya miaka mingi. Tumpigie picha wapi, kwenye mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo au ufukoni mwa ziwa?

Mawe yanaanza kusimulia kabla binti hajafika. Mlipuko wa Januari 2002 ulipitisha lava katikati ya mji hadi ziwani, na mtu wa Goma akiona jiwe lile hahitaji kuelezwa. Kwa hiyo nguo zipunguze maneno: kikwembe kimoja cha manjano, kitambaa cha kichwa kilichofungwa haraka haraka, vumbi jeusi kwenye pindo. Usilipanguse! Pindo safi linasema binti ameshushwa na gari sasa hivi. Ila angalia kamera: ikiona weusi mwingi hudhani ni giza, inaongeza mwanga, na manjano yanaungua. Punguza mwenyewe kidogo. Viatu virefu sahau kabisa.

Ufukoni kazi ni nyepesi. Maji hurudisha mwanga chini ya kidevu, hariri inapepea, kila mtu anapendeza. Tatizo ni hilo hilo: picha inafanana na ya likizo, binti anakuwa mgeni wa hoteli. Labda umpe mzigo, hata sanduku la bati.

Mimi ningepiga nguo tano kwenye mawe, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, yenye mizigo ikipita nyuma yake, halafu ya sita ziwani, miguu peku, bila kumwambia acheke.