Deki inayosoma PAL na NTSC: uzoefu wangu na CD ya harusi ya Houston

Wiki ya tatu sasa natumia hii deki, nimeona niandike maana mtu anaweza kupoteza hela kama mimi. Nimenunua Kariakoo elfu sabini, jamaa alianzia tisini na tano.

Chanzo ni harusi ya mdogo wangu, kaolewa Houston, mama hakubahatika kwenda, basi kuna mtu alikuwa anarudi bongo akapewa CD (yaani DVD) atuletee. Mama ana TV ya chogo na deki ya zamani, tukakaa wote sebuleni hadi majirani, naweka CD, sauti safi kabisa ila picha haina rangi halafu inapanda juu haitulii, miguu ya bibi harusi iko juu, kichwa chini, katikati mstari mweusi. Mama akauliza hii ndo Marekani yenyewe?

Nikapeleka deki kwa fundi, akasema CD za Marekani zina loku ya nchi, nikatoa elfu kumi na tano afungue, narudi home hali ileile. Kumbe fundi alitibu ugonjwa mwingine. Loku ipo kweli, sinema za dukani Marekani ni ukanda namba 1 na sisi huku tuko namba 5, lakini CD ya harusi mtu kachoma mwenyewe haina loku yoyote, na ingekuwa loku deki ingegoma kabisa isingetoa hata sauti. Shida yetu ilikuwa mfumo wa picha. Kule wanatumia NTSC, karibu picha 30 kwa sekunde na mistari 480, huku ni PAL, picha 25 na mistari 576, na hata rangi zinatumwa kwa njia tofauti, ndo maana chogo la PAL tupu likipewa NTSC linaonyesha nyeusi na nyeupe. Mambo yalianzia kwenye umeme, wao Hz 60 sisi Hz 50, TV za mwanzo zikafuata hapohapo. (Mdogo wangu alitaka kututumia deki ya kwake, nikamwambia acha, hiyo ya volti 120 ukiichomeka huku kwenye 230 ni moshi tu.)

Sasa hii deki mpya. Nimeichomeka kwa mbwembwe, nyeusi na nyeupe tena! Nilitaka kuirudisha siku ileile. Nikaingia setup nikakuta TV TYPE iko AUTO, maana yake CD ikiwa NTSC inaipeleka hivyohivyo kwenye TV, nikaweka PAL, picha ikakata kidogo ikarudi na rangi zote, shela jeupe, wasimamizi na magauni yao ya zambarau, mama akaanza kulia hapo hapo.

Ila nisiwadanganye, inabadilisha kwa kubana, picha 30 kuingia 25 lazima nyingine zitupwe, kwa hiyo watu wakitembea huoni kitu lakini wakianza kucheza mziki inakuwa kama wanashtukashtuka. Kwangu nina flat, nimeiacha AUTO na picha inateleza vizuri tu, flat karibu zote zinasoma mifumo yote miwili. Kwa hiyo mwenye flat kwanza jaribu deki uliyonayo kabla hujaenda Kariakoo.

Upande wa pili ndo kuna kazi zaidi. CD ya send-off tuliyorekodi huku tulimtumia mdogo wangu, deki yake ikagoma kabisa, za kule nyingi hazisomi PAL. Ameangalia kwenye laptop kwa programu ya VLC, kompyuta haijali hayo mambo.

Deki naipa nne kwenye tano. Moja nimekata kwa ajili ya rimoti, kuna kitufe cha N/P kimekaa chini kabisa ya kitufe cha sauti, ukikigusa bahati mbaya kinabadilisha mfumo na TV inarudi kuwa nyeusi na nyeupe. Mama kanipigia simu mara mbili saa nne usiku kwamba deki imekufa. Jumapili nimeenda nimekibandika solotepu.