Filta ya mpini kwenye bwawa la lita 18,000: tuisafishe tuone

Assalaam alaykum watazamaji wangu, wa Unguja, wa Pemba na munaotizama kutoka mbali. Leo siweki maneno mengi ya mwanzo, maana kitu kilichopo hapa mbele yangu kimenifurahisha mno na nataka mukione kikifanya kazi.

Ni filta ya presha ya bwawa la samaki, hii nyeusi ya kufukia nusu ardhini, yenye mpini juu. Sponji zimo ndani, taa ya UV ipo katikati, pampu inasukuma maji kutoka bwawani, yanaingia machafu yanatoka masafi. Hayo munayajua, nshayaeleza kwenye video za nyuma, leo sirudii.

Tupo Tunguu, uani kwa shemeji yangu. Bwawa lina urefu wa mita 6, upana mita 3, kina mita 1, basi ni lita 18,000. Ndani wamo perege, na samaki wa dhahabu kidogo kwa ajili ya watoto. Na juu, tizameni, mwembe. Majani hayakatiki mwaka mzima, na masika yakiingia udongo nao unateremka kutoka ule upande wa juu. Nimelitaka bwawa hili makusudi. Filta ikiweza hapa, kwenu itaweza.

Haya kijana, leta kamera. Karibu zaidi, hapa kwenye kifuniko. Munauona huu mpini? Ndio uliotuleta leo.

Pampu ipo, inaenda, siizimi. Hii valvu ya pembeni sasa imeelekea bwawani. Naigeuza hivi, robo mzunguko, inaelekea kwenye bomba la uchafu. Bomba lile nimelipeleka migombani, kule nyuma. Mwenzangu amesimama kule, ataturushia picha. Sasa navuta mpini juu. Sikilizeni... mumesikia? Hiyo sauti ni sponji zinabanwa zote kwa pamoja mle ndani. Nashusha. Navuta tena. Twende kwenye migomba. Eeh! Hebu oneni maji yale, meusi kama kahawa ya Jaws Corner, pale Mji Mkongwe! Hayo yote yalikuwa yamejikusanya mle ndani, na mie sijafungua hata kifundo kimoja, mkono wangu mkavu. Navuta tena, nashusha. Yameanza kuwa ya hudhurungi. Tena. Sasa yanakuja maji ya kawaida. Narudisha valvu bwawani. Tumemaliza!

Ambaye hajawahi kusafisha filta ya sanduku hawezi kujua furaha yangu. Kwenye lile sanduku unafungua kifuniko, unatoa sponji moja moja, zinanuka, tope linakuingia mpaka kiwikoni, na ukishamaliza hamu ya kufanya tena wiki ijayo huna. Ndiyo maana watu wanaacha, mwezi, miwili, maji yanaharibika, wanasema kufuga samaki ni balaa. Zipo chaneli zinalisifu sana sanduku kwa sababu ni rahisi kununua. Sawa, bei yake ndogo. Lakini bwawa la ukubwa huu ulihudumie kwa sanduku la sponji? Nani atakaa nalo kila Ijumaa?

Na mpini una faida nyengine. Sponji zinasafishwa kwa maji ya bwawani yenyewe. Watu wengi wanazitoa wakaziosha kwa maji ya bomba. Musifanye hivyo! Maji ya ZAWA, mamlaka yetu ya maji, yakiwa yametiwa klorini, ile dawa ya kuulia vijidudu, klorini inawaua bakteria waliojenga makazi ndani ya sponji, na hao bakteria ndio filta yenyewe. Ndio wanaoigeuza amonia ya vinyesi na chakula kilichobaki iwe nitriti, kisha nitrati, ambayo samaki wanaistahimili na mimea inaila. Kuota kwao ni wiki nne mpaka sita, kwa hiyo bwawa jipya usilijaze samaki wote siku moja. Na ukitaka kujazia bwawa kwa maji ya bomba badala ya yale uliyoyatoa migombani, yaweke kwanza kwenye tanki lililo wazi siku moja au mbili, klorini iondoke.

Kabla sijasahau, video zetu sasa zitakuwa Jumamosi baada ya magharibi, si Ijumaa tena. Mumeniomba wenyewe, nimekubali.

Sasa nije kwenye kinachonikera, na hapa nakasirika kweli. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa: lita 20,000. Muuzaji atakusomea hiyo tu. Geuza boksi, upande wa pili, kwa maandishi madogo kuna mistari mitatu. Bwawa lisilo na samaki, lita 20,000. Lenye samaki, 10,000. Lenye koi, wale samaki wakubwa wa mapambo wa Kijapani, 5,000. Filta nyingi za aina hii zinaandikwa hivyo, nusu kisha nusu ya nusu. Sasa nani kwetu huku anachimba bwawa asitie samaki? Na perege wanakula sana, wanachimba chini, uchafu wao si wa kuchezea. Mie nawahesabia sawa na koi. Kwa hiyo bwawa hili la shemeji, kwa hesabu ya haki, hii filta moja haiwatoshi samaki wake. Inasafisha uchafu unaoonekana, na inasafisha vizuri. Amonia haiwezi kuimaliza peke yake.

Na amonia kwetu ni kali zaidi kuliko kwao wanaoandika maboksi. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, maji ya visima vingi yana chokaa, pH yake, yaani kile kipimo cha ukali wa asidi, ambacho kikiwa juu asidi ni ndogo, iko juu. Maji yakiwa na pH 8 na joto la nyuzi 30, katika kila sehemu mia za amonia kama saba ni ile yenye sumu. pH ikiwa 7 kwa joto hilo hilo, haifiki sehemu moja. Tofauti hiyo ni kubwa sana kwa samaki.

Taa ya UV niseme haraka. Inaua ule ukijani unaoelea, unaoyafanya maji yawe supu. Nyuzi za kijani zilizoshika mawe haizigusi, hizo utazivuta kwa mkono. Balbu ibadilishwe kila mwaka hata kama bado inawaka, maana nguvu inakwisha kabla ya mwanga. Na kioo kinachoizunguka kitaota chokaa kwa maji yetu, kifute kwa siki au ndimu. Izime kwanza, usiitizame kwa macho.

Sasa umeme. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linalonifanya nifikiri mara mbili, pamoja na mapenzi yangu yote kwa huu mpini. Pipa hili la filta limefungwa. Umeme ukikatika, maji yanasimama mle ndani. Bakteria wanaendelea kuvuta oksijeni, na maji ya moto hayabebi oksijeni nyingi. Ya nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5. Saa kadhaa tu imekwisha, bakteria wanakufa, maji yanaoza. Umeme unarudi saa nane usiku, wewe umelala, pampu inawaka yenyewe na uozo wote unakwenda kwa samaki. Asubuhi unawakuta wanaelea, unasema jirani kakufanyia husuda.

Kila mtu mzima hapa anaikumbuka 2008, waya wa umeme wa kutoka bara ulipoharibika tukakaa kiza karibu mwezi mzima, na tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Siku hizi si kama zile, lakini samaki hahitaji mwezi, usiku mmoja unamtosha. Basi ukiinunua hii, mwambie fundi umeme akufungie swichi isiyojiwasha yenyewe. Umeme ukirudi, geuza valvu kwanza, maji ya mwanzo yote yaende migombani, halafu ndiyo uelekeze bwawani. Na kipampu kidogo cha hewa cha betri kiwepo kwa ajili ya samaki.

Umeme wenyewe, kwa wanaouliza Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, unakula kiasi gani: pampu hii ni wati 80, inaenda usiku na mchana, yuniti 58 kwa mwezi, karibu na hapo. Musiizime usiku kubana matumizi, nshakuelezeni kwa nini.

Kwa hiyo ningenunua? Nilipoanza video nilikuwa nataka kusema ndiyo bila ya sharti. Kwa bwawa lisilozidi lita 5,000 la perege, au 10,000 lenye samaki wachache, ndiyo, nunua, utanishukuru. Kwa bwawa hili, hii iwe ya kwanza kupokea tope, kisha maji yaende kwenye kitanda cha majimbi. Ndiyo, majimbi haya haya tunayokula. Unajenga kisima kifupi pembeni, kuanzia mita mbili za mraba kwa bwawa la ukubwa huu na zaidi kama samaki wengi, unalaza chini bomba lenye matundu, juu yake kokoto kama sentimita 30, maji yanapanda kutoka chini yanamwagikia bwawani. Mizizi inakula nitrati, bakteria wanakaa kwenye kokoto, na kwa kuwa kimefunguka juu, umeme ukikatika kidogo hakiozi upesi kama pipa. Kokoto zetu za matumbawe musitie, zitazidisha chokaa. Tafuteni za jiwe gumu kutoka bara.

Bei. Hii nimeilipia laki tisa, imekuja kwa meli na gharama zake, na hakuna aliyenipa bure. Kwa pesa hiyo unajenga kitanda cha majimbi na pampu unapata, ila hutakuwa na mpini. Nataka vyote viwili, na shemeji ameshakubali tukijenge.

Watu wa Wete mulioniandikia, nakuja huko, nitapiga video bwawani kwenu. Kabla sijafika pimeni urefu mara upana mara kina kwa mita, zidisheni kwa 1,000, na munitumie hiyo namba pamoja na idadi ya samaki, nijue nipande boti na filta ipi.