Google Sheets kwa hesabu za nyumbani: maoni ya muuza dagaa wa Kigoma

Naitumia Google Sheets, aplikesheni ya majedwali ya hesabu, kwenye simu tangu Januari 2024 kuandikia hela za nyumbani na za biashara, leo nimeona niwaelezee wenzangu, hasa nyie ambao hela yenu haina tarehe.

Mi nanunua dagaa mwaloni Kibirizi, naanika, wakikauka natuma Dar. Anayeijua Kigoma anajua dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikishakuwa kubwa mitumbwi inalala na sisi mzigo hatuna. Kwahiyo mwezi wangu ni wa angani, giza mpaka giza, siku 29 au 30, na hauanzi tarehe moja. Sasa aplikesheni za bajeti nilizodaunlodi kabla ya hii zilikuwa zinataka mshahara kiasi gani na unaingia tarehe ngapi, nikajaza tarehe ya kubuni tu ili niendelee, basi kila nikinunua mzigo naambiwa nimezidisha matumizi wakati hiyo ndo hela inayonizalishia. Nyingine ikaomba ruhusa ya kusoma meseji na majina yote ya kwenye simu, hapo niliogopa kweli, na baadaye Benki Kuu (BoT) yenyewe mwaka 2024 ilitoa orodha ya aplikesheni 69 za mikopo zisizo na leseni. Nikafuta zote.

Sheets inakupa jedwali tupu, unalipanga unavyoishi. Langu lina safu tano: tarehe, maelezo, aina, imeingia, imetoka. Kila giza lina ukurasa wake. Hela ya kula, ada, LUKU, bando, mchezo wa kina mama, nauli ya bodaboda kwenda Ujiji, vyote naandika hata kama ni buku.

Kilichonifungua macho ni makato ya kutuma na kutoa hela kwa simu. Tozo za serikali kwenye miamala ya simu zilipoanza Julai 2021 tulilalamika wote lakini mimi sikuwahi kukaa nikajumlisha natoa kiasi gani, si ni mia tano hapa elfu moja pale. Kwenye Sheets kila kato naliandika mstari wake na kwenye aina naweka neno makato, halafu pembeni ya jedwali naandika =SUMIF(C:C,"makato",E:E), yenyewe inachambua inajumlisha hayo tu. Giza la kwanza ikaja 46,500. Jamani. Hiyo kwangu ni hela ya mchele wa wiki mbili. Nikarudi kuangalia mistari nikaona tatizo ni kutoa elfu tano elfu kumi kila wakala ninayempita, sa hivi natoa mara moja kwa wiki na dukani nalipa kwa lipa namba, giza lililofuata ikashuka ikawa 19,000 na kitu.

Lakini faida kubwa niliiona ziwa lilipofungwa. Mnakumbuka 2024, Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu hakuna kuvua Ziwa Tanganyika. Mi Aprili nilishakuwa na kurasa tatu, najua nyumba yangu inakula 380,000 kwa giza moja, mara tatu ni 1,140,000, na akiba ilikuwa 700,000. Pengo la 440,000 nililiona kabla halijafika. Jedwali nilishamshirikisha baba watoto, akalifungua kwenye simu yake, akasema mwenyewe tivii mpya isubiri, na kabla ya hapo kila nikigusa habari ya matumizi tulikuwa tunaishia kununiana. Siku hiyo tulikaa kwenye mkeka tukapanga. Ukimshirikisha mtu chagua kama anaweza kuhariri au kutazama tu, na namba ya siri ya simu usiiandike humo hata siku moja.

Ni bure, unahitaji akaunti ya Google tu, nafasi ni GB 15 unazogawana na barua pepe na picha ila jedwali la maandishi halili kitu. Nikienda vijiji vya ziwani huko Uvinza, kusini mwa Kigoma, mtandao unapotea, kwahiyo naliweka liwe oflaini nikiwa bado mjini, ukisahau hilo unaandika kwenye karatasi mpaka urudi. Safu zikizidi tano kwenye simu ndogo utachoka kusogeza kushoto kulia, weka chache.

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeibakiza kwa sababu kila kitu unaandika kwa mkono, haichukui miamala yenyewe. Mi nafanya jioni nikishaanua dagaa, nafungua meseji za siku nzima nahamisha moja moja, dakika kumi nimemaliza, ila nikiacha siku tatu zinajaa mpaka nasahau elfu nane ile nilimtumia nani.